Sange na Kibuyu cha Nusu Mbili

Kuna jambo moja katika hadithi hii ambalo nimelitafuta tangu nilipoisikia mara ya kwanza, na mpaka leo sijalipata: nani hasa alikipasua kibuyu. Nimewauliza wanaoijua hadithi hii kuliko mimi. Wengine husema Ndovu alikiachia mapema. Wengine husema Kiboko alikivuta kama mtu anayenyakua. Bibi mmoja aliniambia kibuyu kilipasuka chenyewe, kwa kuwa kilikuwa kimeachwa juani kikiwa kitupu, na hata wangekishika malaika wawili kingepasuka vilevile. Basi, wanangu, hilo msiniulize. Sogeeni, na wewe uliyeegemeza mguu kwenye mgongo wa mwenzio uutoe, tuanze.

Zamani zile za mbali, wanyama walipokuwa wanajenga nyumba, wanaoana kwa mahari na kununiana miezi mizima kama watu wastaarabu, paliishi majirani wawili wakubwa. Mmoja alikuwa Mzee Ndovu, aliyekaa upande wa msituni. Wa pili alikuwa Mzee Kiboko, aliyekaa upande wa mtoni. Katikati yao, kwenye kipande cha ardhi ambacho wote wawili walikidharau kwa kuwa hakikuwatosha hata kutua mguu, aliishi Bi Sange na watoto wake.

Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza wakati wote kana kwamba inatafuta kitu ilichokidondosha. Anapenda usafi kupita kiasi. Kila asubuhi hufagia vijia vyake, jani baada ya jani, mpaka mtu anaona aibu kuvikanyaga. Kazi yake ilikuwa kushona vitu vilivyoharibika: mikeka iliyotoboka, vikapu vilivyochanika, na hasa vibuyu vilivyopasuka. Kwa sababu ya ile pua, alimwita Ndovu mjomba. Ndovu alikuwa akiitikia salamu, ila ule ujomba aliuacha upite.

Majirani wale wakubwa walikuwa na kibuyu kimoja kilichorithiwa kutoka kwa mababu wa pande zote mbili. Kila mwaka, siku ya mavuno, kilijazwa togwa la mtama mpya. Ndovu alikunywa kwanza, akamkabidhi Kiboko mkononi, Kiboko akanywa, kisha kibuyu kikawazungukia wengine wote. Kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuonja mtama mpya. Ilikuwa desturi nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ilihitaji wazee wawili wawe na akili timamu kwa wakati mmoja.

Mwaka huo, kibuyu kikiwa kati ya mikono ya huyu na mikono ya yule, kilisikika ka! Kikapasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, nusu huku, nusu huku. Togwa lote pwaa, miguuni mwa wageni.

"Umekiachia," alisema Kiboko.

"Umekivuta," alisema Ndovu.

Hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho waliyoambiana ana kwa ana kwa muda mrefu.

Wanyama wale walikuwa na mazoea mengine. Kitu kikivunjwa, aliyekosewa hukitundika kipande mlangoni kwake, ili wapitao waone alivyoonewa. Mazoea hayo yalifaa sana pale aliyekosewa alipokuwa mmoja. Safari hii walikosewa wote wawili, na mkosaji hakupatikana. Ndovu akaitundika nusu yake mlangoni. Kiboko akaitundika yake. Wageni walipita kwa Ndovu, wakatikisa vichwa na kumpa pole kwa yaliyomfika. Kisha wakashuka kwa Kiboko wakasema yaleyale, maana kwa Kiboko nako kulikuwa na chakula.

Kwa kuwa wazee hawasemezani, alihitajika mtu wa kubeba maneno. Fisi akajitolea. Akawa anapanda kwa Ndovu na salamu za Kiboko, anashuka kwa Kiboko na salamu za Ndovu, na kila alikofika alipewa mfupa. Salamu zenyewe hazikuwa salamu. Kila Fisi alipoondoka, aliyepokea alikuwa na hasira zaidi, na Fisi alikuwa amenenepa zaidi.

Ndipo wazee wale, walioshindwa kupatana juu ya kibuyu kimoja, wakapatana mara moja juu ya ua. Ujengwe ua mrefu, walisema, kutoka kwenye jiwe kubwa hadi kwenye mkuyu, ili mmoja asimwone mwenzake hata kwa bahati mbaya. Fisi akapewa kazi ya kupigilia vigingi.

Fisi akafunga kamba kwenye jiwe, akaivuta moja kwa moja hadi kwenye mkuyu. Kamba ikapita mlangoni kwa Bi Sange, ikapita sebuleni, ikaingia jikoni. Kigingi kimoja kikapigiliwa katikati ya mafiga. Tangu siku hiyo Bi Sange alikuwa anapika chungu kikiwa kimeinama upande, na uji uliiva upande mmoja.

Alikwenda kulalamika kwa Fisi kwanza.

"Mimi nafuata kamba tu, Bi Sange," alisema Fisi kwa upole. "Kamba haina chuki na mtu."

Akaenda kwa Ndovu, akaambiwa mstari ule aliutaka Kiboko. Akaenda kwa Kiboko, akaambiwa mstari ule aliutaka Ndovu. Wote wawili walimwonea huruma sana, wakamshauri avumilie. Fito za kusuka ua zilikuwa zimekwisha kukatwa na kurundikwa. Kesho jioni ua ungesukwa, na nyumba ya Bi Sange ingegawanywa: chungu upande wa Ndovu, watoto wanaosubiri uji upande wa Kiboko.

Bi Sange alirudi nyumbani, akafagia kijia ambacho Fisi alikuwa amekikanyaga, akafikiri. Aliona kwamba kuwasihi wazee waache ua ni kazi bure. Ua ulikuwa tawi, na shina lilikuwa limetundikwa kwenye milango miwili. Na kushona vibuyu ndiyo ilikuwa kazi yake.

Mchana uleule akapanda tena kwa Ndovu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kama ni habari za ua, nilishasema."

"Si za ua. Nimetoka kwa Mzee Kiboko. Ila ameniomba nisikuambie alivyolia."

Ndovu aliacha kutafuna. "Kiboko analia?"

"Sijasema analia, mjomba. Nimesema ameniomba nisiseme."

Kisha akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetoa siri bila kupenda, kwamba Kiboko anataka kuomba radhi mbele ya watu wote, kesho mchana, pale uwanjani. Kibuyu kitashonwa kwanza, na kazi ikiisha Kiboko atasema mwenyewe. Ila ana aibu nyingi, anaomba asiharakishwe. Mzee Ndovu afike tu na nusu yake, aishike wakati wa kushonwa. Mwenye kusamehe kazi yake ni kushika, hana haja ya kusema neno.

Ndovu alikubali kabla Sange hajamaliza. Hata mgeni wake hajatoka mlangoni, alikwisha anza kuzoeza uso wa kusamehe. Aliutaka uwe na huruma, lakini isizidi, Kiboko asije akadhani ni rahisi.

Bi Sange akashuka mtoni, akamweleza Kiboko hadithi ileile, majina yakiwa yamebadilishana nafasi. Kiboko naye alifurahi, ila aliuliza habari za jua. Ngozi yake haipendi kukaa nje ya maji, hasa mchana. Bi Sange alimhakikishia kwamba ni kazi ndogo kama kuziba tundu la kikapu, na kwamba mtungi wa maji utakuwepo. Hayo yote mawili yalikuwa karibu na kweli. Mtungi ulikuwepo.

Mwisho akampitia Nyani mmoja, akamnong'oneza kwamba kesho huenda pakawa na togwa uwanjani, lakini asimwambie mtu. Kwa hiyo kesho yake hapakuwa na haja ya kupiga ngoma. Kila mtu alifika, na kila mtu alifika na kikombe chake.

Wazee wakaja, kila mmoja na nusu yake kwapani. Bi Sange akawakalisha juani, pasipo hata kivuli cha jani. Walipotaka kujua sababu, alisema uzi wa ukindu hushonwa ukiwa umelowa, na jua ndilo linaloukausha ukajikaza. Kabla haujakauka, mshono ni ahadi tu. Ndovu alishika nusu yake kwa miguu ya mbele, mkonga ukiwa huru. Kiboko aliishika yake kwa mikono yote miwili. Nusu mbili zikakutanishwa, ufa ukaangaliana na ufa. Mtungi wa maji Bi Sange aliuweka karibu na Ndovu, mbali na Kiboko. Nani angejiuliza kwa nini?

Akatia msharasi, ule msumari wake wa kutobolea, kwenye makaa. Ulipoiva akatoboa, chwii, tundu upande huu, chwii, tundu upande ule. Uzi ukaingia huku, ukatokea kule, ukavutwa. Alianzia mdomoni, akashuka kidogo. Kisha akahamia kitakoni, akapanda kidogo. Katikati akapaacha wazi.

Ndovu alikuwa amevaa uso wake wa kusamehe. Kiboko alikuwa amevaa wake. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akaona pale hapana uso wa mtu anayeomba radhi, akahitimisha kwamba hiyo lazima iwe ndiyo aibu aliyoambiwa. Wakangojeana. Nyani wakangoja. Nzi mmoja alimtembelea Kiboko puani, akakaa, akaondoka kwa hiari yake.

Hatimaye Kiboko alichoka kuwa mkarimu.

"Haya, sema."

"Niseme nini?" aliuliza Ndovu.

"Ulichokuja kusema."

"Mimi nimekuja kusikiliza."

Kiboko alifikiri kidogo. "Hata mimi nimekuja kusikiliza."

Vichwa viwili vikubwa vikageuka polepole kumwelekea Bi Sange. Alikuwa na sindano mdomoni, kwa hiyo hakuweza kujibu, na hakuwa na haraka ya kuitoa.

"Bi Sange," alisema Ndovu, "umetudanganya."

Akaitoa. "Ndiyo, mjomba."

Jibu hilo liliwaharibia sana. Walikuwa wamejiandaa kwa visingizio. Mtu akikana, unaweza kumpigia kelele mpaka jioni. Akikubali, unabaki na mdomo wazi huna cha kuutilia.

"Basi nakiachia kibuyu hiki sasa hivi," alisema Kiboko.

"Kiachie, mzee," alisema Bi Sange. "Uzi bado mbichi. Kikianguka kitakuwa vigae, na vigae mimi sishoni. Uzuri ni kwamba safari hii Nyani wote wanatazama. Hatutapata tabu tena ya kujua ni nani."

Nyani wakasogea karibu ili waone vizuri. Kiboko akatazama mikono yake. Ndovu, aliyekuwa ameanza kulegeza miguu, akaikaza. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba amekubali kukaa. Walikaa tu.

Mtu akishikwa asiweze kuondoka, huanza kusema. Ndovu alianza, akitazama juu ya kichwa cha mwenzake, kana kwamba anazungumza na mkuyu. Alisema amevumilia mengi, lakini lililomuuma ni lile neno juu ya kijana wake. Kijana wa Ndovu alikuwa ameondoka nyumbani baada ya kutofautiana na baba yake, na hakuwa ametuma habari.

"Uliniletea salamu kwamba kijana wangu amefanya vizuri kusafiri."

"Sikusema hivyo," alijibu Kiboko.

Uso wa Ndovu ukang'aa. Akamgeukia Fisi, aliyekuwa mstari wa mbele na nyundo yake, akingoja jioni aende kusuka ua. Watu wote wakamgeukia Fisi. Kiboko naye akakumbuka kwamba aliletewa neno baya juu ya marehemu mama yake, kwamba alikuwa mtu wa mwili mkubwa. Ndovu akasema hata yeye hakusema hivyo. Mambo yakawa mepesi ghafla. Kumbe wazee hawakuwa na ugomvi, kumbe ni mbea mmoja tu. Nyani mmoja alikwisha okota jiwe.

"Sikuongeza," alisema Fisi.

"Umeongeza!" walisema Nyani.

"Sikuongeza. Nilipunguza." Fisi aliiweka nyundo chini. "Nilikuwa nabeba maneno yale peke yangu, njia nzima, na kuna mahali nilikuwa nakaa chini kwa uzito wake. Yangekuwa na harufu hata mimi nisingeyala. Waulizeni wenyewe walisema nini."

Hakuna aliyeuliza. Ila wazee wawili walikuwa wametazamana, na kutazamana kwenyewe kulitosha kuwa swali.

Kiboko ndiye aliyetangulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilisema kijana wako ameondoka kwa sababu nyumbani kwako hakuna nafasi ya mtu mwingine kusema. Nikasema hatarudi hata kukuzika."

Mkonga wa Ndovu ulishuka mpaka chini.

"Mimi," alisema Ndovu, "nilisema mama yako alipokufa, mto ulipata nafasi ya kupumua."

Nyani, ambao hucheka hata msibani, hawakucheka. Yule mwenye jiwe aliliweka chini taratibu, akasogeza kikombe chake juu yake ili lisionekane.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katika ugomvi mzima ule, mwenye huruma alikuwa Fisi. Sisemi mumpende. Nasema tu kwamba alilipwa mifupa miwili kwa kila safari, na huenda haikutosha.

Jua lilipanda. Bi Sange aliendelea kutoboa na kuvuta, lakini kibuyu kilianza kutikisika. Kilitikisika upande wa Kiboko. Ngozi yake ilikuwa imekauka, imepauka, na mgongoni ilikuwa imeanza kupasuka mistari myembamba. Alikuwa radhi kupasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni kuliko kumwomba Ndovu kitu.

Bi Sange akasimamisha sindano. Alisema yeye hawezi kushona kitu kinachotetemeka. Akakaa chini, akasafisha kucha.

Ndovu aliuona ule mgongo. Mwanzoni, na tusimfiche, aliufurahia. Alihesabu ile mistari kama mtu anayetazama shamba lake likichipua. Kisha akautazama mtungi uliokuwa karibu na mguu wake. Akatazama pembeni. Akautazama tena. Hakuna mtu aliyemwambia afanye lolote, na ninadhani hilo ndilo lililomsumbua, kwa kuwa mtu akikuambia unaweza kukataa.

Mkonga ukaingia mtungini, ukavuta. Fuuu! Maji yakammwagikia Kiboko kuanzia utosini hadi mkiani. Kiboko akafumba macho.

"Ni kwa ajili ya kibuyu," alisema Ndovu. "Unakitikisa."

"Najua," alisema Kiboko, bado amefumba macho.

Ndovu akavuta tena, akammwagia tena, safari hii polepole, akipita pale penye mistari. Kibuyu kikatulia. Bi Sange akaokota sindano.

"Mama yangu," alisema Kiboko baada ya muda, "ndiye aliyewaonyesha kivuko mwaka wa mafuriko. Ulikuwa mdogo. Ulikuwa umeshika mkia wa mama yako, unalia."

"Nakumbuka."

"Aliwasindikiza mpaka ng'ambo, na maji yalikuwa yanamchukua."

"Nakumbuka, Kiboko. Nilijua ninachokisema, nikakisema. Nimekosa. Nisamehe."

Kiboko alifumbua macho. Mikono haikuachia.

"Nami nimekosa juu ya kijana. Akirudi atapita kwangu kwanza, kivuko kiko kwangu. Nitamwambia unamngoja."

"Usimwambie namngoja," alisema Ndovu haraka. "Mwambie mtama umeiva."

"Nitamwambia mtama umeiva."

Basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiwa; mikono ilikuwa na kazi. Nyani mmoja aliuliza kama ndiyo hiyo tu, maana walikuwa wametembea kutoka mbali.

Bi Sange alifunga fundo la mwisho, akaziba matundu kwa nta, akawaambia wasiachie mpaka uzi ukauke. Wakashika. Ulipokauka ulijikaza wenyewe, kri, kri, nusu mbili zikaingiana, na wazee wote wawili wakainama kusikiliza.

Mshono haukuwa mzuri sana. Juu na chini ulikwenda sawa kama nyayo za ndege mchangani. Katikati, pale mikono ya Kiboko ilipokuwa inatetemeka, ulipinda kwa aibu. Ndovu alimwomba Bi Sange apapake masizi, ili mgeni akija asijue kama kibuyu kiliwahi kupasuka. Bi Sange alikataa. Alisema anayeficha mshono hataki kibuyu kipya, anataka kupata nafasi ya kukana; na kibuyu chenye masizi kikivuja hakuna atakayejua kinavujia wapi.

Kiliendelea kuvuja kidogo, kweli, pale palipopinda. Kwa hiyo kilipojazwa togwa, Ndovu alikishika kiganja kikiwa juu ya mshono, akanywa, akampa Kiboko. Na Kiboko ilimbidi aweke kiganja chake palepale kabla Ndovu hajakitoa chake. Mpaka leo hupokelewa hivyo. Na msidhani mambo yaliishia kwa heshima tupu: haukupita muda, Twiga alileta kibuyu kizima, kisicho na ufa hata mmoja, akataka kishonwe mshono uliopinda, kwa kuwa aliuona unapendeza. Bi Sange alimrudisha, akamwambia kwanza akagombane na mtu.

Wanangu, anayetaka kusamehewa asitume mtu, aende mwenyewe akashike upande wake.

Jioni ileile, vinywa vikiwa bado vyeupe kwa togwa, ikaamuliwa kwamba ua usisukwe na vigingi vyote ving'olewe. Fisi, kwa mazoea, alisimama na kusema atakwenda yeye. Wazee wakamwambia akae, anywe togwa lake. Wakaondoka wenyewe, Ndovu aking'oa, Kiboko akifukia mashimo kwa mguu. Na kile kigingi cha jikoni kwa Bi Sange alikitoa Ndovu mwenyewe, amelala kifudifudi juu ya kijia kilichofagiwa, mkonga wote umeingia mlangoni ukipapasa mafiga, na Kiboko amechungulia dirishani akimwelekeza: kushoto kidogo, jirani, kushoto kidogo, usiguse chungu.